Nyumba na Sheria: Deni Lililofichwa Sandukuni

Katika sekta ya Nzahaha, kama ilivyo katika sekta nyingine 17 za wilaya ya Rusizi, ambayo wazee wangali wakiiita Cyangugu, neno kufilisika hutamkwa kwa sauti ya chini. Mtu akisemwa kuwa amefilisika, wasikiaji huelewa kwamba ameuza ng'ombe, amefunga duka, na pengine ameondoka usiku kuvuka mto. Ni nadra kumsikia mtu akieleza kwamba kufilisika ni jambo la kisheria, lenye daftari lake, mahakama yake na mwisho wake. Kwa sababu hiyo wengi hufilisika vibaya, ilhali wangeweza kufilisika kwa utaratibu.

Neno lenyewe halina kosa. Liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo lina udugu na fulusi, yaani sarafu ndogo ya shaba. Muflisi ni mtu aliyebakiwa na vijisenti vya shaba baada ya dhahabu na fedha kumwisha. Hapana mahali katika asili ya neno hilo panaposema kuwa mtu huyo ni mwizi.

Na achukuliwe kwa mfano koplo mmoja mstaafu, mtu wa kubuniwa lakini asiye mgeni kwa yeyote aishiye kati ya Nzahaha na Bugarama. Alipostaafu alifungua duka la mchele, maharage, sabuni na mafuta ya kula, akaliandikisha kisheria kwa jina lake. Wateja wake wengi walikuwa wachuuzi wa mipakani. Mwezi Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, naye akastahimili. Ilipofika tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga tena mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na safari hii wachuuzi wake hawakurudi. Chama cha akiba na mikopo cha sekta, yaani Umurenge SACCO, kilikuwa kimemkopesha kwa rehani ya kiwanja, na mkewe alikuwa ametia sahihi. Mwenye duka la jumla wa Kamembe naye alikuwa amempa mali kwa deni. Koplo alipobanwa na hao wawili alimwendea mtu wa tatu, mmoja wa wale ambao Wanyarwanda huwaita Banque Lambert, akakopa faranga 600,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Hilo la tatu hakumwambia mtu nyumbani.

Mkewe aligundua siku alipokuwa akitafuta kitambulisho cha mtoto katika sanduku la bati.

"Baba watoto, karatasi hii yasema tumeuza kiwanja. Tumemwuzia nani?"

"Si kuuza, mama watoto. Ni mkopo tu. Yule bwana alisema ndivyo inavyoandikwa."

"Na mahali pa sahihi yangu mbona pako wazi?"

"Alisema atakuja kuichukua baadaye."

Karatasi ya namna hiyo si ngeni nchini. Mkopeshaji asiye na leseni hajiandikii mkataba wa mkopo, kwani anajua kwamba kukopesha watu kama kazi ya kila siku pasipo idhini ya Benki Kuu ya Rwanda ni kosa, na kwamba riba yake haiwezi kusomwa mbele ya hakimu bila yeye mwenyewe kuona haya. Basi huandika mkataba wa mauzo. Nyumba yenye thamani ya mamilioni huonekana imeuzwa kwa laki sita, na mkopaji hutia sahihi kwa sababu watoto wanasubiri karo ya shule. Siku akishindwa kulipa, mkopeshaji hadai fedha tena. Hudai nyumba "aliyoinunua".

Yule mke aliokolewa na nafasi iliyobaki wazi. Wanandoa wenye mali ya pamoja hawawezi kuuza wala kuweka rehani ardhi yao kwa sahihi ya mmoja. Hapana budi ridhaa ya wote wawili ipatikane, na hati ya ardhi ya Rwanda huwa na majina yao wote wawili. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mke wa askari, na kwa mume pia, ni kutotia sahihi karatasi ambayo kichwa chake hakilingani na jambo lililozungumzwa. Kama ni mkopo, karatasi na iseme mkopo.

Baada ya maneno mazito ambayo hayafai kuandikwa gazetini, mke huyo alichukua daftari la hesabu la mtoto akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika wanachodaiwa, upande wa pili walicho nacho. Watu wengi hufika hata kwa wakili bila kuwa wamefanya jambo hilo, wakataka kuambiwa kama wamefilisika, kana kwamba ni homa inayopimwa kwa kuguswa kipaji cha uso.

Upande wa madeni ulisema hivi: SACCO faranga 3,100,000, mwenye duka la jumla 1,800,000, mkopeshaji wa siri 600,000. Jumla ni 5,500,000. Upande wa mali ulikuwa na kiwanja ambacho majirani walikikisia kuwa cha 4,500,000, bidhaa zilizobaki dukani za 700,000, na madeni ya wateja ambayo katika hayo 400,000 tu ndiyo yaliyotarajiwa kulipwa. Jumla ni 5,600,000. Nyumba hiyo, kwa hesabu hiyo, ilikuwa ingali juu ya maji kwa faranga 100,000.

Lakini mkopeshaji wa siri hakuwa akidai laki sita. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ikiongezwa juu ya deni kila mwezi usiolipwa, huifanya 600,000 kuwa zaidi ya 5,300,000 baada ya miezi kumi na miwili. Deni dogo kuliko yote katika daftari linakuwa kubwa kuliko yale mawili mengine yakijumlishwa. Hapo ndipo swali la kufilisika linapogeuka. Nyumba hiyo inaweza kuwa muflisi au isiwe muflisi, kutegemea kama dai la mtu huyo litasimama jinsi alivyolitaja, na jambo hilo haliamuliwi dukani wala njiani. Huamuliwa mahali ambapo kila mdai hutakiwa kuleta ushahidi wa anachokidai.

Mahali hapo ni mahakamani. Rwanda imekuwa ikiibadili sheria yake ya ufilisi kwa kasi. Agizo la Wabelgiji la mwaka 1934, lililotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa zama hizo, liliwafikia watu wa Ruanda-Urundi pamoja na wale wa Kongo. Mwaka 2009 ilipitishwa sheria mpya ya kuokoa biashara na kumaliza mambo ya wasioweza kulipa, mwaka 2018 ikatungwa nyingine, na ile ya tarehe 6 Desemba 2021, nambari 075/2021, ikachukua nafasi yake. Huchapwa katika Gazeti Rasmi kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo asomaye Kiswahili peke yake na amwombe kijana aliye shule ya sekondari amsomee. Kijana naye atafaidika.

Sheria hizi zimeandikwa kwanza kwa ajili ya biashara. Mwenye biashara akishindwa kulipa madeni yanapowadia, yeye mwenyewe anaweza kuiendea mahakama, au mdai wake anaweza kumtangulia. Mahakama husika ni ya biashara, ambazo tangu 2008 zimekuwa Nyarugenge, Huye na Musanze. Mtu wa Rusizi huelekea Huye, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Safari yenyewe si lazima ifanywe siku ya kwanza, kwa kuwa tangu mwaka 2016 mashauri huwasilishwa kwa mtambo wa kielektroniki, na kijana mwenye kompyuta pale Kamembe anaweza kuyapeleka maombi kabla basi halijafika Nyungwe. Lakini mtambo haumwandikii mtu ukweli wake. Orodha ya wadai na kiasi cha kila mmoja, orodha ya mali, orodha ya wanaodaiwa na mwombaji, hesabu za biashara na sababu za kukwama, yote hayo hutoka katika daftari kama lile la mke wa koplo.

Mahakama ikikubali, huteuliwa msimamizi aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Wadai hawaruhusiwi tena kumvamia mdaiwa mmoja mmoja, huyu akichukua magunia na yule akichukua mizani. Wote huleta madai yao kwa msimamizi, naye huyachunguza. Ikiwa biashara ina uhai, hupangwa namna ya kuiokoa na kulipa kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa haina, mali huuzwa na fedha kugawanywa kwa kufuata daraja za wadai. Mwenye rehani huwa mbele katika kile alichowekewa rehani. Hapo mkopeshaji wa siri naye huitwa aje na karatasi zake mbele ya mtu anayejua kuzisoma, na wengi wa namna yake hupendelea kutokuja.

Kuna kosa moja ambalo wastaafu hulifanya kwa nia njema. Wakiona mambo yameharibika, huandikisha shamba kwa jina la shemeji, au humpa mdogo wao pikipiki. Sheria za ufilisi karibu kila nchi humpa msimamizi uwezo wa kurudi nyuma na kuyatengua mapatano ya namna hiyo, na mtu aliyeficha mali hutoka katika kundi la waliopatwa na msiba akaingia katika kundi la walaghai. Shemeji naye hujikuta mahakamani, na huo huwa mwisho wa kualikwa arusini.

Sasa mintarafu ya daftari, ambalo watu hulitafuta mahali pasipo pake. Mtu wa Nzahaha anayetaka kujua kama fulani amefilisika aghalabu humwuliza katibu mtendaji wa sekta, au kinyozi. Kinyozi atajibu upesi zaidi, lakini kumbukumbu haziko kwa yeyote kati yao. Kumbukumbu za kampuni, za rehani, za dhamana ya vitu vinavyohamishika na za ufilisi ziko chini ya Msajili Mkuu, katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, mjini Kigali. Mwenendo wa shauri na hukumu hubaki mahakamani. Tabia ya mtu katika kulipa mikopo ya benki na SACCO imeandikwa katika ofisi ya taarifa za mikopo, ambayo Rwanda imekuwa nayo tangu 2010. Huko kila mtu anaweza kuomba aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake mwenyewe, na akikuta kosa adai lisahihishwe. Hati ya ardhi nayo ina nambari yake, na kwa nambari hiyo huweza kujulikana kama kiwanja kimefungwa na rehani.

Askari anayeombwa na rafiki awe mdhamini wake na ayakumbuke mambo haya kabla ya kushika kalamu. Kuuliza kumbukumbu hakuvunji urafiki. Kinachovunja urafiki ni barua inayomfikia mdhamini baada ya miaka miwili.

Kuhusu rehani kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa sheria ya rehani ya mwaka 2009 na marekebisho yake, mkopeshaji mwenye rehani iliyosajiliwa si lazima afungue kesi ndefu ili apate haki yake. Humwendea Msajili Mkuu, naye huteua mtu wa kuisimamia mali hiyo na hata kuiuza. Tangu mwaka 2020 minada hiyo, au cyamunara kama usemavyo umma, imekuwa ikifanyika kwa njia ya kielektroniki, na mnunuzi anaweza kuwa mtu asiyewahi kukanyaga Nzahaha. Kwa hiyo notisi ya SACCO haifai kuwekwa chini ya godoro kwa kudhani kwamba kesi bado haijaanza. Siku ya kwenda kuzungumza ni siku notisi ilipofika, au afadhali kabla yake, kwani mkopeshaji halali huweza kuurefusha muda wa kulipa pale anapoona hesabu iliyo wazi. SACCO haina hamu ya kumiliki viwanja. Inataka fedha za wanachama zirudi, na wanachama wenyewe ni majirani wa mdaiwa.

Yupo pia askari au polisi asiye na duka, mwenye mshahara tu. Wengi wao wana akiba na mikopo katika Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya vyombo vya usalama, na makato hufanyika kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Huyo mlango wake wa kwanza si mahakama ya biashara. Ni meza ya mkopeshaji wake, akiwa na hati ya mshahara mkononi, kuomba mikopo yake ipangwe upya kabla hajaongeza ya mitaani juu yake. Mshahara uliokatwa ukabaki robo si msiba wa siri, kwa sababu mke huuona katika sufuria kabla mume hajaamua kuusema.

Nchi jirani zina milango yake. Kenya, kwa sheria yake ya ufilisi ya mwaka 2015, imemfikiria hata mtu asiye na mali kabisa: mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000 za Kenya anaweza kupitia kwa Mpokezi Rasmi bila kutangazwa muflisi, na aliyetangazwa muflisi kwa kawaida huwa huru baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha maelezo ya hali yake ya fedha. Asiyeachiliwa bado hawezi kugombea ubunge, wala Uganda hawezi. Tanzania Bara ingali ikitumia sheria yenye asili ya ukoloni. Maombi huenda Mahakama Kuu, na RITA husimamia mali ya muflisi. Ng'ambo ya mto Rusizi, Kongo iliingia mwaka 2012 katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA, na utaratibu wake wa ufilisi ni wa wafanyabiashara na kampuni, si wa mwenye mshahara. Mdaiwa avukaye daraja kwenda Bukavu kwa kudhani anaziacha sheria nyuma yake atakuta nyingine zikimngojea.

Wakubwa nao huanguka. Nakumatt, maduka ya Kenya yaliyofika mpaka Kigali, yaliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Walioumia ni pamoja na wauzaji wa jumla waliokuwa wakiendelea kupeleka bidhaa huku rafu zikizidi kuwa tupu. Mwenye duka la jumla wa Kamembe, katika mfano huu, anastahili kukumbukwa kwa sababu hiyo hiyo. Yeye naye ana watoto, na 1,800,000 zake zilikuwa mchele na mafuta ya kweli.

Mke wa koplo hakutaka kuanza na mahakama ya Huye. Alikuwa amesikia kwamba katika kila wilaya kuna ofisi ya msaada wa sheria, ambayo wengi huiita MAJ, itoayo ushauri bila malipo, na ya Rusizi iko katika makao ya wilaya. Usiku alipanga karatasi: mkataba wa SACCO na notisi yake, stakabadhi za mwenye duka la jumla, cheti cha biashara, hati ya ardhi, na ule mkataba wa mauzo usio na sahihi yake. Koplo aliuliza kama huo wa mwisho ungeweza kubaki nyumbani.

"Huo ndio unaotupeleka, baba watoto," alijibu mkewe.

Asubuhi walipanda gari la Kamembe pamoja. Ofisa aliwakaribisha, akawauliza kama wana watoto wangapi, kisha akauliza kuna madeni mangapi. Koplo alisema mawili. Mkewe alimtazama, naye koplo akakohoa kidogo, akasema matatu, akaufungua mfuko akaanza kuitoa karatasi ya tatu.